Kata Mfumo Pale Kazi Inapokabidhiwa

Gunia la mchele linalofika ukingoni mwa mto Lualaba pale Nyangwe limekwisha kupita mikononi mwa watu watatu au wanne. Mkulima amelitoa shambani, msukuma baiskeli amelileta, mnunuzi amelipima na kulishona mdomo, na sasa linamngoja mwenye mtumbwi. Ng'ambo kuna mtu mwingine wa kulipokea, na mbele yake iko reli ya Kindu na Kongolo inayopita Kibombo na Samba. Au huenda lisivuke kabisa: likageuzwa kuelekea Kasongo, likaingia depo, likangoja lori. Kila linapobadilisha mikono pana neno linasemwa, pana hesabu inafanywa, na mara nyingi pana kikaratasi kinaandikwa. Ninyi mnaotengeneza programu za biashara, na ninyi wenye biashara mnaowalipa vijana wawatengenezee, nawaomba mkitazame kikaratasi hicho kabla ya kufungua kompyuta.

Nasema hivi kwa sababu nimeona makosa ya aina mbili yakirudiwa. La kwanza ni programu moja inayobeba kila kitu: bei, mizani, ghala, mishahara, madeni ya wakulima. Mwaka wa kwanza inapendeza. Mwaka wa pili ukigusa bei, hesabu ya ghala inavurugika, na kijana aliyeitengeneza amekwisha kuhamia Bukavu. La pili linatokea mtu anaposikia habari za usanifu unaoegemea huduma, akaenda kuipasua programu yake vipande thelathini, kila kimoja na seva yake, kwa biashara yenye depo tatu na betri mbili za sola. Makosa haya mawili yana mzazi mmoja. Aliyetengeneza alikata kabla ya kujua kazi inakatika wapi.

Huduma, kwa wasanifu wa programu, ni kipande cha mfumo chenye kazi moja inayoeleweka, chenye mlango unaojulikana, na chenye ahadi kwa yeyote atakayepiga hodi. Ndani ya nyumba mwenyewe apange anavyotaka. Aliye nje anadai ahadi tu. Jina la usanifu huu lilitoka kwa wachambuzi wa kampuni ya Gartner mwaka 1996, lakini wazo ni la zamani zaidi: mwaka 1972 David Parnas aliandika kwamba programu igawanywe kwa namna ambayo kila kipande kinaficha ndani yake uamuzi unaoweza kubadilika kesho. Mnunuzi akibadilisha mizani ya ndoano kwa mizani ya umeme, mwenye ghala asilazimike hata kuambiwa. Yeye anataka kilo.

Kasongo yenyewe iliwahi kuifundisha dunia somo hili, ila kwa njia ya afya. Katika miaka ya 1970 wahudumu wa afya wa huko, wakishirikiana na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, waliendesha kazi iliyokuja kujulikana kama Mradi wa Kasongo. Mwaka 1981 timu yao ilichapisha katika jarida la The Lancet matokeo kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto. Mimi kinachonivuta zaidi ni mpangilio wao. Kituo cha afya kilikuwa na kazi zake, hospitali ina zake, na hakuna aliyeingilia jikoni kwa mwenzake. Kituo kilimjua mgonjwa na familia yake, kikatibu yale ya kila siku, kikachanja, kikafuatilia. Hospitali ilibaki na upasuaji na yale yanayohitaji daktari na vifaa. Mgonjwa alipovuka kutoka huku kwenda kule alibeba karatasi: nini kimeonekana, nini kimefanyika, nini kinaombwa. Aliporudi alirudi na jibu. Kasongo ilikuwa mojawapo ya majaribio yaliyoandaa njia ya zoni za afya tulizo nazo Kongo nzima.

Angalia kilichokuwemo katika karatasi ile na ambacho hakikuwemo. Hakikuwemo kitabu kizima cha kituo. Hospitali haikupewa ufunguo wa kabati la kituo iende kujitafutia yenyewe. Katika programu ni vivyo hivyo: ukiiruhusu huduma ya malipo isome moja kwa moja hifadhidata ya huduma ya ghala kwa kuwa ni rahisi leo, umeipa ufunguo wa kabati, na siku ghala atakapotaka kupanga upya rafu zake atakuta hawezi, kwa sababu kuna mtu amekariri mahali pa kila kitu.

Kwa hiyo anza kwa miguu. Fuata gunia moja kuanzia kwa mkulima mpaka mahali fedha zinapofungwa, siku nzima, na daftari mkononi. Kila kazi inapokabidhiwa andika majibu ya maswali matatu. Nani anatua mzigo wa kuwajibika na nani anaubeba? Mpokeaji anahitaji kujua nini ili akubali? Na akikataa, inakuwaje? Swali la tatu ndilo wengi huliruka, nalo ndilo lenye faida kuliko yote. Mwenye mtumbwi anakataa gunia lililolowa. Ghala anakataa gunia lenye kilo pungufu ya zilizoandikwa. Usipouliza, programu yako itajua njia ya kwenda mbele tu, na watu watarudi kwenye simu na karatasi mara ya kwanza tu gunia litakapokataliwa.

Wapo watakaokuuliza kuhusu lugha za michoro. Zipo zilizosanifishwa na shirika la OMG: BPMN kwa mtiririko wa kazi, SoaML kwa huduma na mikataba yake. Zijue, zitakusaidia ukifanya kazi na benki au na serikali. Lakini mchoro wa kwanza uchore kwa alama ambazo mpima mizani mwenyewe ataweza kukusahihisha: nyumba kwa kila anayewajibika, mshale kwa kila kikaratasi, na juu ya mshale maneno yaliyomo. Mchoro asioweza kuusahihisha mtu wa mizani huo ni wako peke yako.

Mimi niliwahi kumsanifia mnunuzi mmoja wa mazao nikaweka mizani na bei katika kipande kimoja, kwa kuwa mtu mmoja ndiye aliyekuwa akifanya zote mbili. Baada ya miezi michache bei ikaanza kuamuliwa makao makuu kila asubuhi na kutumwa kwa simu, mizani ikabaki kando ya mto. Kila bei ilipobadilika ilinibidi kuigusa programu ya mizani, na siku moja, katika kugusa huko, niliharibu hesabu ya uzito. Wakulima walipunjwa kilo zao asubuhi nzima kabla hatujagundua, na kuwazungukia mmoja mmoja kuwarudishia kulichukua wiki. Tangu hapo sitazami tu nani anafanya kazi. Nauliza nani anaamua, na uamuzi wake unabadilika mara ngapi. Mizani inabadilika kwa miaka. Bei inabadilika kwa siku. Vitu hivyo havikai nyumba moja.

Kwa mfanyabiashara wa mchele, karanga na mawese mwenye kituo Nyangwe, kingine Kabambare na depo kubwa Kasongo, mimi ningetoka na huduma tano. Mapokezi: wanapima, wanakagua ubora, wanatoa risiti. Bei: wanasema leo kilo ni kiasi gani, kituo gani, daraja gani. Ghala: wanajua kilichopo na kilichotoka. Usafiri: wanajua gunia lipi liko mtumbwini, lipi kwenye baiskeli, lipi kwenye lori, nani kalibeba. Malipo: wanajua nani kalipwa, kwa njia ipi, nani bado. Kila jambo la kweli liwe na mwenyewe mmoja. Ukitaka kujua mzigo uliopo, unamwuliza ghala, humwulizi usafiri. Usafiri akiwa na hesabu yake pembeni, itatofautiana na ya ghala na mtagombana.

Utaona sikuweka huduma iitwayo Mkulima. Vijana wengi huanza na hiyo, kwa sababu wanakata kufuata majina ya watu na vitu badala ya kufuata kazi. Mkulima yumo katika kila shughuli. Malipo anahitaji namba yake ya simu, mapokezi anahitaji kijiji chake, usafiri hamhitaji kabisa. Ukimjengea nyumba yake, kila huduma italazimika kwenda kupiga hodi hapo kwanza, na siku nyumba hiyo imezimika hata mizani inasimama. Mpe mkulima namba moja inayotambulika kote, kisha kila huduma ihifadhi sehemu yake inayoihusu.

Wakubwa wa kazi nao wana sehemu yao. Melvin Conway aliandika mwaka 1968 kwamba shirika likisanifu mfumo, mfumo huo hutoka na sura ya mawasiliano ya watu wake. Kama mkuu wa depo na mtunza fedha hawasemezani, huduma zao hazitasemezana pia, hata ukiajiri fundi bora wa Kinshasa. Wapatanishe kwanza.

Sasa mkataba. David Livingstone alipofika Nyangwe Machi 1871 alikuta soko la maelfu ya watu, wengi wao wanawake waliovuka mto na samaki, chumvi, mafuta, vyungu na muhogo. Aliandika kwamba hata wanaume wa sehemu hizo walipokuwa katika vita, wanawake waendao sokoni walipita salama. Soko lile halikuwa na mtambo wala tajiri mmoja wa kuliendesha. Lilisimama juu ya ahadi ambayo kila upande uliijua. Tarehe 15 Julai mwaka ule watu wa wafanyabiashara wa misafara waliivunja kwa bunduki, na mamia walikufa, wengi wakizama Lualaba. Sisi watu wa pande hizi hatuwezi kulitaja soko la Nyangwe tukaipita siku hiyo. Na mimi nikifundisha mikataba ya programu naikumbuka, kwa sababu ahadi inayojulikana na kila mtu bila kuandikwa inamtegemea kila mtu aiheshimu, na biashara ya leo ina watu wengi mno wasiojuana.

Andika basi. Mkataba wa huduma uwe ukurasa mmoja unaosomeka: unaomba nini, unajibiwa nini, ndani ya muda gani, na ukikataliwa unaambiwa sababu gani. Fafanua vipimo. Gunia si kipimo mpaka useme kilo ngapi. Kopo la sokoni ni kipimo halali kwa mama anayeuza karanga, lakini likiingia kwenye ujumbe ligeuzwe kilo na mapokezi, wala si na mtu mwingine mbele ya safari. Upande wa fedha ndiko wanakojikwaa wengi, maana Kongo tunafanya biashara kwa faranga na kwa dola siku moja, meza moja. Kiasi kisichotaja sarafu yake hakifai kupita mlangoni. Na kiwango cha kubadilishia kiandikwe katika risiti ile ile, saa ile ile ya makubaliano. Usiache malipo wakatafute kiwango baadaye, kwa kuwa mkulima alikubali cha asubuhi na wewe utamlipa kwa cha jioni. Hifadhi faranga kama namba nzima na dola kama senti, ili kompyuta isikuletee vipande vya desimali ambavyo hakuna mfuko unaoweza kuvibeba.

Kwenye malipo nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo rezo, yaani mtandao wa simu, inapotuumiza. Keshia wa Kasongo anamtumia mkulima wa Nyangwe fedha kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Anabonyeza. Skrini inazunguka, rezo inakatika. Je, fedha zimekwenda? Hajui. Anabonyeza tena. Kama huduma ya malipo haikusanifiwa kwa ajili ya dakika hiyo, mkulima amelipwa mara mbili, au, keshia akiogopa kurudia, hakulipwa hata mara moja.

Dawa yake ni ndogo na inapaswa kuwekwa siku ya kwanza. Anayeomba ndiye atoe namba ya ombi, kabla hajabonyeza, na namba hiyo isibadilike hata akirudia mara kumi. Malipo akiiona namba aliyokwisha kuishughulikia, halipi tena. Anarudisha jibu lile la kwanza. Namba ifungwe kwenye risiti ya mapokezi: risiti moja, ombi moja la malipo. Watanzania wanaifahamu njia iliyo karibu na hii kupitia GePG, mfumo wa malipo ya serikali ulioanza kutumika mwaka 2017. Kwanza inatoka namba ya kumbukumbu ya malipo, ile wanayoiita kontroo namba, kisha mtu analipa kwa benki au kwa mtandao wa simu autakao, na taarifa inarudi kwa ofisi inayodai ikiwa na namba ile ile. Fedha na deni zinatambuana kwa namba, hazitambuani kwa jina la mtu wala kwa kiasi.

Jambo la pili ni kutofautisha "nimepokea ombi" na "nimelipa". Safaricom ya Kenya ilipowafungulia watengenezaji programu mlango wake wa Daraja mwaka 2017, ombi la kumtoza mteja lilijibiwa mara mbili: kwanza kwamba ombi limepokelewa, kisha, baada ya mteja kuweka namba yake ya siri au kukataa, jibu la kweli likaletwa kwenye anwani uliyoiandaa. Wengi walisoma jibu la kwanza wakatoa bidhaa. Katika mchoro wako weka hali tatu: inasubiri, imelipwa, imeshindikana. Na hiyo "inasubiri" iwe na mtu wa kuiangalia kila jioni, maana isipoangaliwa inageuka kuwa deni lisilojulikana.

Mto nao una funzo lake. Wagenya wa Lualaba, waliokuwa wakivusha watu na bidhaa tangu kabla ya misafara kufika, hawakumlazimu mwenye mzigo kusimama ukingoni mpaka mtumbwi ufike ng'ambo na kurudi. Unaacha mzigo, unajua kwa nani, unaendelea na shughuli. Huduma za Nyangwe na Kasongo zizungumze hivyo. Mapokezi waandike kwenye kifaa chao chenyewe, watoe risiti papo hapo, na ujumbe wa kwenda ghala ukae kwenye foleni mpaka rezo irudi, uwe ni saa moja au siku mbili. Ujumbe uondolewe kwenye foleni pale tu ng'ambo wanapokiri kuupokea. Mfumo unaomfanya mkulima asimame juani kwa sababu seva ya mbali haijibu ni kosa la msanifu, wala rezo isisingiziwe.

Hapa kuna gharama, nami sitaificha. Ghala ya Kasongo itakuwa na picha ya jana ya kilichoko Nyangwe. Watu wawili wanaweza kuuza tani moja ile ile. Usijaribu kulimaliza hilo kwa hila za kompyuta. Limalize kwa biashara. Kila kituo kipewe haki ya kuahidi mzigo uliomo ndani yake tu, na anayetaka kuuza wa mwenzake aombe kwanza na asubiri jibu. Nalo ombi na jibu lake ni vikaratasi viwili katika mchoro wako.

Kurudi nyuma kusanifiwe kama kwenda mbele. Gunia limepokelewa, malipo yameombwa, mtumbwi umeghairi, mnunuzi wa ng'ambo amejitoa. Hakuna kitufe kimoja kitakachofuta yote hayo katika huduma nne kwa mpigo. Kila hatua iwe na hatua yake ya marejesho: ghala anapokea tena, usafiri anaiandika safari kuwa haikufanyika, malipo anaandika deni la kurudishiwa. Usifute maandishi ya kwanza. Mhasibu hafuti mstari, anaandika mwingine wa kuusahihisha, na programu ifuate adabu hiyo. Gunia libebe namba moja ya safari kuanzia mizani mpaka mwisho, nayo iandikwe katika kila ujumbe, ili mtu akiuliza "mzigo wangu uko wapi?" ajibiwe bila kupigiwa simu watu watano.

Kuhusu kuweka mtambo wa katikati unaopokea na kusambaza ujumbe wa huduma zote, sikushauri kwa biashara ya ukubwa huu. Serikali ya Tanzania ina GovESB, chini ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, kwa kuwa taasisi zake ni nyingi na mifumo yake ilijengwa na watu tofauti, kwa nyakati tofauti. Hapo mtambo wa katikati unalipa gharama yake. Makampuni mengi makubwa ya miaka ya 2000 yalinunua mitambo ya namna hiyo kabla ya kupanga kazi, kisha yakaisukumia sheria zote za biashara ndani yake, hata Januari 2009 mchambuzi Anne Thomas Manes akatangaza kwamba usanifu wa huduma umekufa kama jina, huku akisisitiza kwamba huduma zenyewe bado zinahitajika. Mtambo wa katikati ubebe ujumbe. Ukianza kuamua bei, umeirudisha ile programu moja ya kila kitu kwa mlango wa nyuma.

Wala usidhani huduma tano ni seva tano. Bei, ghala na malipo vinaweza kukaa ndani ya programu moja, kwenye kompyuta moja pale Kasongo, mradi kuta za ndani ziheshimiwe: kila kimoja na majedwali yake, na hakuna kinachosoma ya mwenzake isipokuwa kwa mlango. Kipasue kuwa programu ya peke yake pale tu unapokuwa na sababu unayoweza kuitaja kwa mwenye biashara akaielewa. Mapokezi ya Nyangwe yana sababu hiyo, kwa kuwa yako mbali na lazima yafanye kazi rezo ikiwa haipo.

Mkataba ukihitaji kubadilika, ongeza, usiondoe. Ukitaka risiti ibebe daraja la ubora, liongeze kama nafasi mpya ambayo wa zamani wanaweza kuipuuza. Kama huna budi kubadilisha maana ya jambo, fungua mlango wa pili, na ule wa kwanza uache wazi kwa msimu mzima wa mavuno. Kifaa cha kituo cha mbali kitasasishwa siku kitakapofika mikononi mwa anayejua kukisasisha, na siku hiyo huichagui wewe.

Ukiwa tayari kuanza, chagua makabidhiano mamoja tu. Mimi ningechagua mapokezi kwenda ghala, kwa sababu fedha hazijahusika bado na kosa linasahihishika. Endesha programu pamoja na daftari la zamani kwa msimu mmoja. Kila jioni mpima mizani na kijana wa programu wakae, wasome mstari kwa mstari, gunia kwa gunia. Pale daftari na kompyuta vinapotofautiana, siku hiyo lifuatwe daftari, na kesho yake asubuhi, kabla mizani haijatundikwa, sababu iwe imepatikana na kuandikwa kwenye ukurasa ule wa mkataba.